Kiingereza cha Kusimama

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimefagia ofisi, nimechemsha chai ya meneja, nimepokea simu mbili. Zote nimeongea vibaya. Meneja, Bwana Colin, Mwingereza, hakugomba. Alicheka tu, akasema naongea kama barua ya serikali. Afadhali angegomba.

Niko kwenye majaribio hapa jineri ya Bariadi, kiwanda cha kuchambua pamba, mpaka msimu wa kununua pamba ufunguliwe. Anataka mtu anayeongea Kiingereza cha watu, si cha darasani. Nikishindwa, ataleta msichana kutoka Mwanza. Mume wangu Masanja alikuwa karani wa ushirika. Soko huria limekuja, ushirika umempunguza, sasa anashinda na redio. Kwa hiyo nyumba nzima inategemea ulimi wangu. Na ulimi wenyewe ndio huu.

Jumatano, 7 Juni

Wifi yangu Minza amekubali kunifundisha. Alifanya kazi hoteli ya watalii Arusha, na anajigamba kwamba hata ndoto anaota kwa Kiingereza. Somo la kwanza halikuwa maneno, lilikuwa mwili. Simama wima. Mtazame mtu machoni. Usiiname, usipige goti, usifumbate mikono kama mtu anayeomba msamaha. "Wifi, unamsalimia mzungu au umekwenda kuposa?" Akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, kisha nikakasirika. Magoti haya yamefundishwa na mama yangu, hayakujifundisha yenyewe.

Maneno ya leo: Hang on a sec, ngoja kidogo. No worries, usijali. Nimeyasema nikiosha vyombo, nikichota maji, nikisonga ugali. Watoto wameanza kuyasema. Wao wanayasema vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, 9 Juni

Nimechoka. Taya zinauma. Sina la kuandika.

Jumanne, 13 Juni

Aibu. Bwana Colin ameingia asubuhi na ile How's it going? yake, yaani mambo yanaendaje. Nikamjibu kama mtu mwenye adabu. Nyumbani wazima, mvua imetuacha mapema, ng'ombe mmoja anachechemea, mama mkwe kifua kinambana. Nilipofikia kifua cha mama mkwe, mwenzangu alishaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Nikabaki nikimalizia habari na kabati.

Minza anasema pale hakuna swali. Mtu hataki kujua. Unasema Not bad, si mbaya, unaendelea na kazi. Nimemuuliza, sasa anauliza ya nini? Kwetu Zagayu baba haanzishi neno lolote mpaka amemaliza kuulizia nyumba, watoto, mifugo na shamba. Anaweza kuwa amekuja kukuambia nyumba inaungua, atasalimia kwanza.

Ijumaa, 16 Juni

Masanja anasema siku hizi namjibu kama bosi. Nimemwambia basi atafute kazi yeye. Nimejuta hapo hapo lakini sikumwambia. Minza alijifanya hakusikia.

Alhamisi, 22 Juni

Leo nimeweza! Simu kutoka kwa wanunuzi wa nje. Mtu wa upande wa pili akaniuliza kama magari yao yatapata njia mpaka hapa. Piece of cake, nikamwambia, yaani kazi rahisi kabisa. Akacheka. Si kunicheka, tulicheka wote wawili. Nilikuwa nimesimama wima na simu yangu sikioni, mkono kiunoni, kama Minza mwenyewe. Nisijidanganye, nilisikia raha. Bwana Colin alisimama mlangoni, akanionyesha dole gumba. Anasema msimu ukifunguliwa nitakuwa msemaji wake kwa wakulima, na siku hiyo hiyo jioni nitasaini mkataba.

Masanja alikwenda mwenyewe kununua nyama. Hatukuongea sana, lakini tulikula vizuri.

Jumatatu, 26 Juni

Msimu umefunguliwa. Mikokoteni ya ng'ombe imepanga foleni tangu alfajiri. Wengine wametoka mbali, kwa sababu wamesikia kampuni mpya inalipa papo hapo. Bei iliyobandikwa getini ni ndogo kuliko waliyoambiwa. Pamba nyingi imeitwa fifi, yaani chafu, na fifi bei yake ni ya kutupa. Wakagoma kushusha. Bwana Colin akaniita. Take it or leave it, akasema. Wachukue au waache. Waambie.

Wa mbele kabisa alikuwa baba yangu. Sikujua angekuja.

Nikapiga goti kama siku zote. Mwangaluka, baba, nikamwamkia kwa salamu yetu ya asubuhi. Akaanza kuniulizia nyumba, mume, watoto, mmoja mmoja kwa jina. Nikajibu yote. Bwana Colin akatazama saa. Baba akaniuliza kwa Kisukuma, mzungu amesema nini, mayu? Ndivyo anavyoniita, mama.

Nilijaribu kulisema neno la Bwana Colin nikiwa chini. Halikutoka. Kwa Kisukuma neno hilo halisemwi kwa baba kutoka chini. Sijui kama linasemwa kwa baba kabisa. Nikawaza mkataba. Nikamuwaza Masanja na redio yake.

Nikasimama. Wima. Nikamtazama machoni, nikamwambia.

Baba akageuka kuwatazama ng'ombe wake, wamechoka, povu mdomoni. Akaanza kushusha pamba. Waliomfuata nao wakashusha. Bwana Colin akanipiga begani, akasema Nice one, yaani safi sana.

Jioni nikasaini.

Jumanne, 27 Juni

Sikwenda kwa Minza. Hakuna somo tena.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya kanisa nimekwenda Zagayu. Mama akanipa michembe, viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akaniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Baba alikuwa uani anarekebisha nira. Nikamwendea, nikapiga goti mpaka chini kabisa, vumbini. Mwadila, baba, salamu ya mchana.

Salama, akasema. Basi. Hakuulizia watoto, hakuulizia mume. Akaendelea kukaza kamba.

Nilikaa pale chini kidogo, nikingoja kama neno lingefuata. Kisha nikanyanyuka, nikajikung'uta, nikaaga. Nimefika Bariadi jua lingali juu. Kesho kazini saa moja.