Uongo Wangu Umepata Alama Nzuri Chuoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinidharau kwa mwandiko, shule mimi niliionja tu nikaona chumvi imezidi. Ni kijana wa kuosha magari, na si kujisifu, gari nikishalimaliza, mwenye gari hulipita akilitafuta. Nina dada pacha, yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, alinitangulia kutoka tumboni na hajaacha kunitangulia tangu hapo. Wamemwingiza kwenye mpango wa wanafunzi bora, yaani ukiwazidi wenzako akili zawadi yako ni kuongezewa kazi, nikamwambia mpango huo hata punda anaujua.

Sasa humo kuna njia tatu na lazima achague moja: aongeze masomo ya semina, ambako watu wachache hukaa kwenye duara wakabishana kwa upole, au afanye mradi wa vitendo mitaani, au aandike tasnifu, kile kitabu kinene ambacho msimamizi anakisoma na mama mzazi anakipangusa vumbi. Yeye akachagua tasnifu, kuhusu vijana walioacha shule, na wa kwanza kuhojiwa ni mimi. Nikamuuliza, kwa nini usichukue semina upumzike? Akasema, "Kwa sababu ninaye wewe nyumbani." Mshauri, mtu akishakuambia hivyo, halafu akakuwekea simu mbele ya mdomo arekodi, wewe ungesema unafokewa kutwa na mama mwenye pampu unayooshea magari?

Nikasema pampu ni yangu. Nikasema nimeajiri vijana, ambao ni wenzangu tu, tena mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi. Nikasema shule niliacha kwa mpango, baada ya kupima soko. Nikamtungia na nadharia juu, kwamba gari la tajiri huoshwa kuanzia magurudumu maana tajiri hutazama chini akiogopa tope, na la mtu wa kawaida huanzia kioo cha mbele maana yeye bado anatazama anakokwenda. Uongo mtupu, mimi huanzia pale mpira wa maji unapofika. Ukweli ni kwamba niliacha baada ya siku ile mwalimu aliposoma matokeo mbele ya darasa, akaanza na dada, akamalizia na mimi, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, dada ndiye aliyelia, na kesho yake nikambebea begi mpaka getini, nikageuka. Lakini hilo halihusiani.

Kinachohusiana ni kwamba msimamizi wake, daktari mzima, ameipenda ile nadharia mpaka amemwambia dada aiandikie sura nzima, na wiki ijayo wanakuja wote wawili kuniona "kwenye kampuni". Mama mwenye pampu alinikuta nafanya mazoezi ya kukaribisha wageni, akashika kiuno. "Profesa wa Ndoo! Mlete huyo daktari wako, nimwambie hata sabuni naifungia kwa kufuli kwa ajili yako!"

Mwisho wa kubadilisha njia ni Ijumaa. Jana nilijaribu, dada yuko anaosha vyombo.

"Dada, semina zina hadhi bwana."

"Tangu lini?"

"Watu wanakaa kwenye duara."

"Pacha, una homa?" Akanishika paji la uso kwa mkono wenye povu.

Basi naomba unipe maneno ya kitaalamu ya kumhamishia semina kabla ya Ijumaa, tasnifu aiache, na mimi nibaki na cheo changu.

Ni mimi,
Mkurugenzi wa Muda

Mkurugenzi wa pampu ya mwenzio,

Nimecheka mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza kuna nini, kisha nikakasirika. Maneno ya kitaalamu sikupi. Umeshayatumia mengi, na umeona yalikokufikisha.

Pole, najua ulitaka dada yako akuonee fahari. Lakini hebu jisikilize: umemharibia kazi, na dawa unayoileta ni aitupe yote ili wewe usiaibike! Tasnifu, semina au mradi, njia ni yake, na atachagua vizuri akijua anakanyaga nini. Semina si shimo la kufukia uongo wako. Na siku wakubwa wa chuo watakapoanza kuuliza maswali, atakayesimama mbele yao akitoka jasho ni yeye. Wewe utakuwa umeshika sponji, unapiga mluzi.

Kwa hiyo mwambie leo. Usingoje Alhamisi jioni kama mwanafunzi mvivu. Usianze na mzaha, huo ndio uliokuponza. Sema, "Dada, pampu si yangu, na ile nadharia niliitunga." Atafoka. Nyamaza, hata kama itakuuma kuliko kazi yoyote uliyowahi kufanya. Akimaliza kufoka, aende yeye mwenyewe kwa msimamizi kabla msimamizi hajaja kwenu. Mahojiano hurudiwa, jina likichafuka halisuguliki kwa sabuni yenu. Na huyo mama mwenye pampu mwombeni naye ahojiwe, anaonekana anakujua vizuri na haya hana.

Kuna mahali pamoja kwenye barua yako ambapo sikucheka. Umepatupa katikati kama kitambaa kichafu, ukaandika halihusiani. Kijana, dada yako aliwekewa njia tatu, akaacha kubishana kwenye duara, akaishika ile nzito kuliko zote, akaja moja kwa moja kukuuliza wewe kwa nini uliacha shule. Unadhani amesahau nani alilia siku ile? Tangu ulipogeuka pale getini anakusubiri useme.

Mwambie aiwashe tena ile simu.