Kinu cha Paskalina

Jumatatu, 9 Mei 1983
Leo nimemchoma sindano mwanangu mwenyewe. Nilisoma kichupa mara tatu kabla ya kuvuta dawa — mimi, muuguzi wa miaka tisa! Paskalina alikunywa uji wa mtama tu, nilioupika mwenyewe. Mara midomo imevimba, macho yamezibika, pumzi inapiga filimbi. Nikambeba mbio hadi zahanati. Adrenalini, ile tunayowachoma wanaozidiwa na penisilini. Akarudi! Akaomba maji. Nimekaa namtazama anavyopumua tu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi.
Kimebaki kichupa kimoja. Cha Tinde nzima. Gari la dawa halijulikani litakuja lini.

Jumanne, 10 Mei
Karanga imepita wapi? Mwezi wa Januari Paskalina alivimba kwa punje moja ya karanga za kukaanga, daktari wa mjini akasema asiiguse tena maisha yake. Tangu hapo haijaingia humu ndani.
Kinu! Mtama niliukobolea kwenye kinu cha jirani, Zuwena. Nikaenda kumuuliza alitwanga nini humo. Akacheka: karanga za kuungia nsansa, mboga yetu ya majani makavu, mafuta ya kupikia yako wapi siku hizi? Lakini alikipangusa vizuri. Kupangusa! Nikapitisha kidole kwenye ufa wa chini. Unga wenye mafuta, haujazi hata ukucha. Ndio uliotaka kuniulia mtoto. Nilibaki nimepiga magoti pale uani kwake. Kitu kidogo hivyo, Mungu wangu! Zuwena akaacha kucheka.

Jumatano, 11 Mei
Kliniki. Watoto wananing'inia kwenye mzani, na zamu ya kufundisha uji ni yangu. Unga, halafu kiganja cha karanga zilizotwangwa. Miaka tisa nayasema maneno haya, hata wimbo nimeyatungia. Leo wimbo sikuuimba. Nikayasema hivyo hivyo, maana watoto wao wamekonda na karanga ndiyo wanayoipata. Nikaongeza: ukiona amevimba, acha, niletee mbio. Mama mmoja akacheka wazi. Karanga iue mtoto? Wa nani huyo?
Nikamwita anayefuata kwenye mzani.

Jumamosi, 14 Mei
Mama mkwe kashuka kwenye lori kutoka Ushirombo. Na gunia la karanga! Zawadi ya mjukuu. Nikamzuia mlangoni, nikamweleza yote, aibu tupu. Akasema mume wangu Telesphori na ndugu zake saba amewalea kwa hizo hizo karanga. Kisha akamtazama Paskalina kwa mbali. Akajitwika gunia lake, akatoka. Hata maji hakunywa. Nimemuudhi mama wa watu.

Jumapili, 15 Mei
Amerudi! Alilala kwa Mkristo mwenzake, na leo baada ya misa amembadilishia fundi gunia zima kwa kinu kipya na mchi wake. Hakijatwanga kitu tangu kichongwe, bado kinanukia mti. Hakuingia ndani. Aliomba ndoo uani, akasugua mikono kwa jivu hadi viwikoni, akabadili kanga, ndipo akamwita mjukuu amshike. Zuwena alikuwa akitazama kutoka uani kwake. Mikono! Mimi mwenye cheti sikuwahi kufikiria mikono. Nilijificha jikoni nikalia.

Alhamisi, 19 Mei
Mzee Akida wa dukani amefariki alfajiri. Msiba ukitokea hapa, wanawake wanapita kukusanya vinu na masufuria ya mtaa mzima, na hakuna anayenyima. Nimetoka kazini mapema, nawakuta wamejaa uani. Mama mkwe amekigeuza kinu kifudifudi, amekikalia! Mgeni, hana hata wiki! Wanamwambia kwao Ushirombo labda ndivyo wanavyozika. Yeye hajibu matusi. Anasema: chukueni mimi, nitawatwangia mpaka mtakaponichoka, kinu hapana. Kisha akanyanyuka, akaniambia, Mama Paskalina, kikalie wewe. Akaondoka nao.
Nimekikalia. Naandika juu ya goti. Nusu ya wale wanawake nimewapimia watoto wao, na mmoja alitema mate akipita. Kesho mtaa mzima utajua kuwa muuguzi amenyima msiba kinu. Nasikia aibu hadi masikioni, lakini sinyanyuki.
Zuwena hakwenda nao. Amesimama langoni, Paskalina anamkimbilia abebwe kama kawaida yake. Zuwena amerudi nyuma hatua moja. Anaitazama mikono yake. Ananiuliza jivu liko wapi.