Taata Egbert Bainomugisha, Uliyerudi Majini kwa Ajili ya Ndama

Mwaka umetimia, Taata, baba yetu, tangu mto ufurike bondeni kwetu Kyerwa na kukuchukua. Tunakuandikia kwa upendo, lakini si kwa utulivu. Hukupenda tuseme uongo, hata ule wa adabu.

Tunakumbuka ulivyomwita kila ng'ombe kwa jina kabla ya kutusalimu sisi. Miaka ishirini ulisimamia josho la kijiji, na nguo zako zilinuka dawa hata siku ya Krismasi. Mama alipolalamika, ulimwambia, "Kupe wote wananikimbia, Kansiime. Umebaki wewe tu."

Tunakumbuka pia kikao cha kujiandaa na masika. Uliomba jambo moja: maji yakija, ndama wafunguliwe kwanza. Ulieleza kwamba sisi wafugaji huwafunga mbali na mama zao ili wasimalize maziwa kabla ya kukamua, na kwamba ng'ombe akipelekwa mlimani bila ndama wake, atarudi kumfuata hata majini.

"Mzee Bainomugisha," mwenyekiti wa kikao alikukejeli, "ndama nao wanapiga kura?"

"Hawapigi. Ndiyo maana nimesimama mimi."

Watu walicheka hadi wakapigana makofi mgongoni.

Siku ya mafuriko walipakia magunia ya kahawa, mabati, hata viti vya plastiki. Ndama waliachwa kambani. Ng'ombe waliokwisha kufika mlimani salama walisikia watoto wao wakilia, wakageuka. Wewe, uliyepangiwa kuwaswaga ng'ombe wa kijiji, ukashuka nao, panga mkononi. Ulikata kamba za zizi letu, kisha ukaelekea kwa jirani ambaye kahawa yake yote ilikuwa imeshafika juu.

"Taata, hao si wetu!" kaka Elick alikusihi.

"Kamba ilifungwa na mtu, Elick. Haikufungwa na mvua."

Ndama kumi na mmoja walitoka. Wewe hukutoka.

Wale waliowaacha mifugo wafe ndio waliowahi kuichuna mizoga na kuuza nyama kando ya barabara. Msibani kwako walileta mguu wa ndama aliyekufa maji, eti ubani. Mama aliwazuia mlangoni: "Rudini nao. Mlimwacha afe amefungwa, sasa mnataka tumtafune huku tukimlilia mume wangu?"

Tunaukumbuka mguu ule kila tunapoambiwa kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Tunamheshimu Mungu mno, hatuwezi kumbebesha uzembe wa watu wenye mikono miwili na panga nyumbani.

Masika yameanza tena. Kikao kimekaa, na kuhusu mifugo hakikusema neno. Kwa hiyo Mama amefyeka sehemu ya shamba letu la mlimani ili pajengwe zizi la dharura, kwa mifugo ya yeyote. Juzi yule jirani alipanda hadi pale. Akasema, "Mama Elick, shikamoo. Nimekuja kuchimba mashimo ya nguzo."

Mama alimpa sururu. Kiti hakumpa.

Unakumbukwa na mkeo Kansiime, mama yako mzazi Bibi Xaveria, wanao Elick na Natukunda, dada yako Sperancia wa Kiruruma, na ukoo wote. Hatutakusahau, Taata, wala hatutawaacha wasahau.