Blanketi la Mshindi wa Kalembe

Papa Furaha, mume wangu,

Barua hii sitaifunga. Nitampa katekista wa hapa Lushebere aisome kwa sauti Jumapili, watu wakitoka misa. Maneno mabaya juu yako niliyasema mbele ya watu, na haifai niyafute kwa kunong'ona kwenye kaburi. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa kubwa walizotufundisha misioni. Mistari ikipinda, ucheke kama ulivyozoea. Na kwa kuwa wapo watakaosikiliza ambao hawakuwepo, univumilie nikisimulia hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Ulinijua mimi ni mtu wa kunusa mambo. Ukirudi na tope jekundu kwenye viatu nilikuuliza limetoka njia ipi. Ukiimba, nilitaka kujua umefurahishwa na nani. "Mama Furaha, ungekuwa polisi," uliniambia, "gereza lingejaa mpaka mulangoni." Nilicheka, lakini tope niliendelea kuliangalia.

Ulikuwa shofere wa kamioneti, ile gari ndogo ya mizigo ya bwana wa shamba la pareto. Mwaka ule wenye mashamba wa Masisi walibishana na wazungu wa mgodi wa bati kule Walikale, gari za nani zina nguvu. Wakapatana zishindane gari za kazi, zile zile za kubeba maziwa na magunia, na waziendeshe mashofere wao. Kalembe, pale mpakani mwa Masisi na Walikale, wakaondoa ng'ombe kwenye malisho ya tambarare, wakachora njia ya mviringo mrefu kama yai na kusimika vijiti vyenye vitambaa vyeupe. Mizunguko kumi. Shofere wa kwanza angepewa blanketi la sufu, jekundu, lenye mistari miwili myeusi. Kwa baridi ya milima yetu, blanketi lile lilizungumzwa katika kila nyumba.

Siku moja kabla, ulileta gari nyumbani. Ukafungua magurudumu, ukatoa vile vyuma vya breki vilivyo kama bakuli, ukaviosha mpaka vikang'aa, ukavipanga juu ya majani ya ndizi. Bwana wako akakuita, ukaenda. Uliporudi jua lilikuwa linashuka, ukavirudisha haraka haraka huku ukinisimulia jinsi utakavyoingia kona ya mtoni. Sikuwahi kukuona na furaha kama ile.

Kesho yake nilisimama na akina mama kwenye kona hiyo hiyo ya mtoni, Furaha mgongoni. Gari nne. Vumbi, kelele, na wewe mbele! Mzunguko wa tatu mbele, wa tano mbele. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kisha, kuanzia wa saba, ukaanza kupunguza mwendo mapema mno kabla ya kona, na Anselme, shofere wa Walikale, akawa anakukaribia. Mzunguko wa mwisho mlikuja mkiwa sambamba. Ulituangalia sisi tuliosimama pale. Nakuapia, uliniangalia mimi machoni. Halafu ukaiacha njia, ukaiingiza gari kwenye majani marefu, ikapanda kilima ikiyumba mpaka ikachoka yenyewe. Anselme akapita.

Bwana wako alikuja mbio, uso mwekundu. "Kwa nini?" Na wewe, mbele ya watu wote, ukajibu: "Niliogopa, Bwana."

Uliogopa! Wewe uliyeshusha magunia Walikale kwa njia ya matope, mvua ikinyesha, bila kutokwa na jasho! Hapo hapo nikasema moyoni: huyu ameuza mbio.

Ufunguo wa gari bwana wako alikunyang'anya siku ile ile. Ukaanza kubeba maziwa kichwani, wewe shofere, na watoto wakikufuata wakiiga mlio wa gari. Nilikuuliza mara mia. "Walikupa nini?" Ulinijibu, "Sikuuzisha kitu, Mama Furaha. Tuache ile maneno." Ukageukia ukuta. Mtu asiye na kosa hageukii ukuta, ndivyo nilivyowaza.

Kisha likaja blanketi. Wiki tatu hazijaisha, mpita njia kutoka Walikale akaleta kifurushi. Nikakifungua kabla hujafika: jekundu, mistari miwili myeusi. Blanketi la mshindi, nyumbani kwa aliyeshindwa! Nilitaka ushahidi gani tena? Nikawaambia akina mama kisimani. Ndiyo, ni mimi. Jina lile la Muuza-Mbio walilokuita mpaka unaingia kaburini, lilitoka mdomoni mwangu. Blanketi nililitupa juu ya dari, na miaka yote ya baridi ukalala nalo likiwa juu ya kichwa chako bila kuligusa.

Kila ulichofanya nilikipima. Katekista alipokuletea baiskeli yake uitengeneze, ulijifungia nayo zizini, ukanikataza kuingia. Nikajua unaficha kitu. Hata jembe jipya ulilipeleka mwenyewe shambani kabla sijaligusa. Nikawaza labda kuna mwanamke amekufundisha kuniogopa.

Kikohozi kilipokuchukua, nilikulilia huku nimekasirika. Ni vibaya kumlilia mtu hivyo, lakini ndivyo nilivyolia.

Anselme alikuja siku ya tatu ya matanga, kwa miguu kutoka Walikale. Nilimwona, nikasimama nimfukuze.

"Shofere wao wa hila amefika," niliwaambia akina mama.

Hakukasirika. Aliketi chini. "Mama Furaha, bwana yako, Papa Furaha, aliniapisha nisiseme. Sasa amekufa, mimi nitasema. Ile siku gari yake ilikuwa inanuka siagi."

"Siagi gani?"

"Siagi ya ng'ombe, ya kuungua. Kisha mbio kwisha, nilienda kumuona kule kilimani. Alikuwa anapanguza breki na majani. Gari haikukuwa na breki hata kidogo, Mama. Akaniambia: 'Njo bibi yangu, ni yeye. Alifanya kwa mapendo. Bwana wa shamba akijua, atasema amemuharibia gari, atamufunga. Wewe nyamaza.' Mimi nikashindwa kulala na ile blanketi. Nikamutumia. Njo yake, ile blanketi ni yake."

Papa Furaha, nilikitazama kiganja changu.

Kwetu, chombo kipya cha maziwa hakitiwi maziwa mpaka kipakwe siagi ndani, kwa kiganja, kuzunguka, ili kisimsaliti mwenyewe. Mama yangu alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Ulipoitwa na bwana wako, niliviona vile vyuma vinne juu ya majani ya ndizi, vina umbo la bakuli, vinang'aa, na kesho vinakwenda mahali pa hatari. Nikavipaka kimoja kimoja. Nikavipangusa vizuri kwa kiganja ili visidondoshe, nikaviombea. Niliona nimekufanyia jambo jema, wala sikulikumbuka tena.

Basi ulinusa kule ndani ya vumbi ukajua. Ungeweza kung'ang'ania kushinda. Ungeingia kona ile kwa kasi, na sisi tuliosimama pale tungeipata gari yote vifuani. Sasa najua kwa nini uliniangalia. Na kwa nini baiskeli ya watu uliifungia zizini, nisije nikaipaka!

Mimi niliyenusa kila kitu, siagi yangu mwenyewe sikuinusa. Hilo linaniuma kuliko kifo chako. Ungeniambia hata mara moja. Nadhani ulijua mdomo wangu: ningelia kisimani, bwana wako angesikia kabla ya jioni. Ulikuwa sahihi, na bado nakukasirikia kidogo.

Lala vizuri, baba wa mtoto wangu. Jumapili, katekista akisoma haya, nitasimama mbele ya akina mama wote wa kisimani. Blanketi nimelishusha darini, nimelianika juani. Nitakuja nimejifunika nalo, na atakayeuliza nimelipata wapi nitamjibu kwamba mume wangu alilishinda Kalembe.

Mkeo,
aliyepaka siagi