Kwa Baba Niliyesoma Naye Darasa Moja

Mpendwa baba Mokaya,

Mtu akiiona barua hii atadhani namwandikia mzee mwenye mvi. Wewe ulikufa ukiwa na miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa nimekuzidi kwa miezi mitatu. Lakini baba yako na babu yangu walizaliwa tumbo moja, baba yako akiwa kitinda mimba, kwa hiyo wewe ulikuwa ndugu wa baba yangu na mimi nilikuwa mwanao. Hatukuchagua. Tulizaliwa tukakuta mambo yamekwisha pangwa hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa Ekegusii nisingeweza. Katika lugha ya nyumbani mtoto hamtajii baba yake paja, wala hamwulizi habari za mwili wake, na barua hii karibu yote ni habari za mwili wako. Kiswahili tulifundishwa shuleni na wageni, nacho hakijui kama wewe ni baba yangu. Nisamehe kwa kujificha nyuma yake.

Juma lililopita tulikutana shuleni, pale Getembe mjini, sisi tuliosoma pamoja. Mwalimu mkuu, yule Mzungu mrefu, anarudi kwao, basi wanafunzi wa zamani tukaitwa kumuaga. Tulikalishwa bwaloni kwenye mabenchi yale yale, tukapewa chai na mkate. Otieno, yule wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akilala karibu na mlango, sasa ni karani, na amenenepa hata ungepishana naye njiani usimjue. Abdalla wa pale mjini amerithi duka la baba yake. Mimi ni mwalimu huku Nyamira, nina mke na watoto watatu. Tulicheka sana. Tulicheka uji wenye wadudu, tukacheka kengele ya alfajiri, tukacheka jinsi shule ile ilivyotutisha siku ya kwanza, wavulana wengi vile mahali pamoja, wengi kuliko watu wa kijiji kizima. Kisha Otieno akaweka kikombe chini.

"Onchari, na ule jamaa yenu ya Kenyenya, ule alikuwa anakuita mtoto? Alikufa na nini?"

"Si nyoka ilimuuma," mwingine akasema.

"Nyoka wapi," Abdalla akamkatiza. "Alilishwa kitu kutoka nyumbani kwao. Mama wa kambo. Mji mzima ulisikia."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka kwenu. Nikasema ilikuwa homa. Homa tu. Wakatikisa vichwa, wakamimina chai nyingine. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na mke wangu akadhani nimekunywa pombe mjini.

Unakumbuka siku tuliyoripoti? Kiranja alitupa vitanda viwili vilivyogusana. Ukasimama katikati ya bweni na sanduku lako kichwani, ukamwambia, "Huyu ni mwanangu. Siwezi kulala hapo." Bweni zima lilianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeanza kuota ndevu, wewe uso wako ulikuwa laini kama wa msichana. Kiranja hakuwa mtu wa kwetu, hakuijua chinsoni, ile heshima yetu inayomkataza mwana aliyetahiriwa kuona mwili wa baba yake, au kuutaja, au kufanya mzaha juu yake. Mwishowe tulitundika blanketi kati ya vitanda. Mtoni ulikuwa ukioga kwanza, mimi nikiwa nimekaa juu ya ukingo na mgongo wangu kwako nikikulindia nguo, kisha unatoka unaimba, nami naingia.

Na jinsi ulivyoutumia ubaba wako, Mokaya! Ulikuwa ukinituma maji. Ulikuwa ukichukua viazi vyangu vitamu ukisema mtoto mwema humlisha baba. Nilipopata alama mbaya za hesabu ulinikalisha kitandani ukanigombeza kwa sauti nzito ya wazee, nawe mwenyewe ulikuwa umepata chini yangu. Nilikuwa nakasirika, lakini usiku wa kwanza nilipolia kwa kukumbuka nyumbani, ni wewe uliyesema kutoka upande wa pili wa blanketi, "Lala. Baba yako yuko hapa." Ulisema kwa utani. Nami nililala.

Sasa niseme lile lililonileta.

Ilikuwa Jumamosi ya kufyeka. Tulipewa majani marefu yale ya nyuma ya uwanja, kila mtu na fyekeo lake, na tuliambiwa tuachiane nafasi. Mimi sikuacha. Nilikuwa nashindana na wewe, nataka kufika kwenye ua kabla yako ili kwa mara moja baba awe nyuma. Fyekeo langu likagonga jiwe, likaruka, likakupata paja, juu kabisa, ndani. Ulikaa chini kwenye majani bila kupiga kelele. Niliona kaptula yako ikilowa, nikageuza macho, maana hata wakati ule mwili wangu ulikumbuka chinsoni kabla ya kukumbuka damu.

Nilisema nikamwite mwalimu. Ukanishika mkono.

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba nimekukata."

"Mtoto hampigi baba yake," ukasema. "Kwa hiyo hukunipiga. Nenda kafyeke."

Nilikuelewa vizuri sana. Kwetu, mwana akimwaga damu ya baba yake, hata kwa bahati mbaya, wazee wanaitwa, mbuzi anachinjwa, na jambo lile linamfuata mtu mpaka siku anapoposa. Baba yangu hakutaka nisome tangu mwanzo. Angepata sababu aliyoitafuta, ningerudi kuchunga. Wewe ulilijua hilo, ukararua shati lako la ndani ukajifunga. Ulinyamaza kwa ajili yangu. Mimi nami nilinyamaza kwa ajili yangu. Tulikuwa wawili tunaompenda mtu mmoja.

Siku ya tatu ulianza kuchechemea. Siku ya tano nilisikia harufu kupitia blanketi. Nilikuuliza, "Uko salama?" ukasema salama, na mwana hawezi kuuliza mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kisha ukaja ukaguzi wa Ijumaa. Siku zote tulikuwa tukipangiwa makundi mbalimbali, mimi la kwanza na wewe la mwisho, maana dresa wa zamani, yule mhudumu wa hospitali aliyetukagua, alikuwa mtu wa kwetu na alituelewa. Ijumaa ile alikuja dresa mgeni. Akatusimamisha mbele ya vitanda, bweni zima kwa pamoja, akatuamuru tuvue nguo atazame upele na funza. Ulimwambia huwezi kuvua mbele ya mwanao. Akauliza mwana huyo yuko wapi. Ukanionyesha kwa kidevu, na kicheko cha siku ya kwanza kikarudi.

Kutoka pale niliposimama mpaka mlangoni zilikuwa hatua nne. Nilichotakiwa kufanya ni kuzipiga. Ningesema tu, "Nitoke, atavua," na dresa angekubali, kwani alikuwa na haraka. Uliniangalia. Hukuniomba, baba hamwombi mwanawe, lakini uliniangalia kwa muda mrefu, ukingoja nitoke. Najua ulikuwa umechoka kuficha. Najua ulitaka mtu akitazame kile kidonda. Nami nilipiga hesabu zangu pale pale: nikitoka utavua, ukivua ataona, akiona atauliza nani. Nikasimama kama nguzo. Dresa akachoka, akasema mwenye haya aende nje, atamwona siku nyingine. Ukaenda nje ukiburuta mguu.

Watu wakisikia habari hii watasema mila ndiyo iliyokuua. Wasiisingizie. Mila ilinifungulia mlango wa bweni, ikanionyesha na njia. Mimi ndiye niliyekataa kupita.

Ikanifungulia na mlango wa pili. Jumapili Bosibori akaja. Mama yako wa kambo, aliyekulea tangu mama yako mzazi alipofariki, alitembea kwa miguu kutoka Kenyenya na kikapu cha ndizi mbivu kichwani. Kwangu mimi yule alikuwa bibi, na kwa bibi hakuna chinsoni. Kwa bibi mtu anasema lolote, hata la aibu, naye anacheka na kukujibu la aibu zaidi. Aliniita kando, chini ya ukuta wa jiko, akanishika sikio kwa mzaha kama kawaida yake.

"Mume wangu mdogo," akaniambia, "baba yako anachechemea nini?"

"Mpira, bibi. Aliumia mpirani."

"Mpira gani unaotoa jasho usoni mtu akiwa amekaa?"

"Ni mpira, bibi."

Aliniachia sikio. Aliketi na wewe mpaka jua likaanza kushuka, akikumenyea ndizi moja moja na kukupa mkononi. Ukanigawia, nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. 

Jumatatu taya lako likakaza. Jumanne ukapelekwa hospitali umepinda mgongo, hata blanketi lilikuumiza likikugusa. Alhamisi wakatuita darasani na kutuambia tusimame. Mwalimu mkuu alimweleza baba yako kwamba ni pepopunda, kwamba iliingilia kidonda. Lakini kidonda kilikuwa kimefunga juu, kidogo tu, na wazee waliokuosha walisema kitu kama kile hakimwui kijana mwenye nguvu. Kwa hiyo waliniita mimi, niliyekula na kulala karibu nawe. Waliniuliza maswali matatu.

"Nani alimkata?" Nikasema sijui.

"Alikula nini mara ya mwisho akiwa mzima?" Nikasema ndizi alizoletewa na Bosibori.

"Wewe ulizila?" Nikasema sikuzila.

Nilisema uongo mara moja na ukweli mara mbili, na ule ukweli ndio uliomfukuza. Niliwaona wakitazamana. Ningeweza kufungua kinywa bado. Bosibori alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, amejifunga kamba kiunoni kwa msiba, analia mpaka sauti imekauka, na kabla hujamaliza juma kaburini nyumba ile ilikuwa imechomwa moto. Alirudi kwao Kebirigo na binti yake Kwamboka, dada yako, aliyekuwa hajafika miaka kumi na miwili. Mimi nilirudi shuleni. Nilifaulu mtihani.

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, wanawake walitaka aitwe Mokaya. Nilikataa, wakaona nimekosa adabu kwa marehemu. Sikuwaeleza kwamba nisingeweza kuliita jina hilo uani kila siku litoke linanikimbilia.

Jumatano nilikwenda Kebirigo. Nilichelewa kwa miaka minne. Ndiyo miaka ambayo Bosibori amelala pale kwa kaka zake, mwanamke aliyeolewa akazikwa kwao kama asiye na mume. Nilimkuta Kwamboka sokoni, mbele ya fungu la mboga. Ameshakuwa mtu mzima na hajaolewa. Waposaji wamekuja mara mbili, wakauliza mama yake ni nani, wakaenda zao. Ana macho yako. Ni mdogo kwangu kwa umri lakini ni shangazi yangu, basi nilimsalimu kama shangazi, nikamwomba tukae nyuma ya kibanda, nikamwambia yote niliyoandika hapa, pamoja na zile hatua nne.

Hakulia wala hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alikaa akiondoa udongo kwenye mizizi ya mboga, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile ndizi hazikuwa na kitu?"

"Hazikuwa na kitu, shangazi."

"Mama hakujua," akasema. "Nyinyi mlidhani aliondoka Kenyenya kwa kuonewa. Aliondoka akiamini. Aliniambia siku ile njiani alishikwa na kiu, akaweka kikapu kando ya njia, akateremka mtoni kunywa maji. Alisema lazima mtu alipita akatia kitu kwenye ndizi akiwa kule chini. Kila siku alikuwa anasema, kama ningevumilia ile kiu, mwanangu angekuwa hai. Hata mwishoni, akiwa mgonjwa, nilikuwa nampa maji anafunga mdomo."

 Watu walikuja kununua mboga, hakuwauzia. Akaniuliza tena, polepole, kama mtoto anayetaka kuhakikishiwa, "Hazikuwa na kitu kabisa?"

Baba, Jumamosi hii mimi na Kwamboka tunakwenda Kenyenya. Amesema nitayasema mwenyewe, kwenu, mbele ya wazee na wake zao, na yeye atakaa mbele ambapo kila mtu anamwona. Nimemkubalia. Mke wangu ameshajua, na usiku huu analala na watoto chumba kingine. Kazi ya ualimu sijui kama itabaki. Siendi kukuombea wala kujiombea, maana wa kuombwa radhi alikufa na kiu. Lala salama, na unisamehe kwamba nimeutaja mwili wako mbele ya watu. Ilinipasa kuutaja, baba, ukiwa hai.

Mwanao,
Onchari