Miguu Katika Maji ya Rwenzori

Mjukuu wangu Biira,

Sisi huku Bwera hatujambo. Babu yako anavuna kahawa, na shangazi yako wa Kisinga amejifungua salama.

Umeuliza wewe na wenzako mtafanya nini mlimani bila kulipa. Getini mwa hifadhi wanatoza, lakini mto upande wetu ni wa bure.

Nilipoolewa huku kutoka Kenya, mwezi wa pili wa ndoa nilifunga mizigo nirudi kwetu. Mama mkwe aliiona, akasema tu, "Mutoto wangu, kuja tutembee."

Tulipanda hadi mtoni. Akavua viatu, akaingia. "Weka miguu. Hii maji inatoka kule juu, kwa barafu."

Baridi ilinitoa kelele, naye akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Mawingu yalipofunguka, nikaiona theluji kwa mara ya kwanza. Tukakaa tukisikiliza ndege.

Tukirudi alisema, "Hata mimi nilitaka kutoroka."

"Mbona ulibaki?"

"Nilisema nitaenda kesho. Kesho yake nikasema vile vile."

Jioni nilifungua mzigo, nikatoa nguo moja tu, ya kuvaa kesho.

Njooni, nitawapeleka mwenyewe.

Nyanya yako