Mlango Tuliopita

Jumatatu, 13 Oktoba
Naahidi kuandika yote humu, hata ya kuniaibisha. Rozari leo ilikuwa kwa Baba Kiprono. Mwezi huu wote jumuiya yetu ya kanisa, hapa mtaani Kimumu, inapeleka sanamu ya Mama Maria nyumba kwa nyumba. Inalala kwa mtu mmoja, jioni ya pili inahama. Mimi ndiye ninayeibeba. Mama ni mwenyekiti, na mwezi ujao askofu ananipa kipaimara, ananipaka mafuta ya Roho Mtakatifu. Nilisali mafumbo yote nikiwaza mtihani wa Kemia. Hakuna aliyejua. Sauti yangu ni nzuri.

Jumanne, 14 Oktoba
Mama Akinyi, fundi wa nguo, alinikuta kwenye mfereji nikikinga maji. Wiki ijayo anapasuliwa uvimbe wa shingo. Anaogopa.

"Njeri mama, siku yangu ni lini? Nataka Mama Maria alale kwangu kabla niende hospitali."

Nikasema nitauliza. Nikauliza. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Yeye na Baba Akinyi hawajaoana kanisani. Sanamu hailali huko."

"Lakini anakuja jumuiya kila wiki."

"Umekuwa wakili wake? Hebu kata hizo sukuma wiki."

Nilikasirika sana. Kisha nikakata sukuma.

Alhamisi, 16 Oktoba
Sijamwambia. Nachota maji mapema nisikutane naye. Mwoga.

Ijumaa, 17 Oktoba
Tulitoa sanamu kwa Mzee Kamau. Nyumba inayofuata ni ya Mama Akinyi. Mlango ulikuwa wazi. Kitambaa cheupe mezani, maua kwenye gilasi, thermos mbili, vikombe vya kuazima. Amesimama mlangoni, amejifunga leso mpya. Alidhani ni siku yake, kwa sababu mimi sikumwambia kitu.

Nilisimama.

"Njeri, tembea," Mama akasema nyuma yangu.

Nikatembea. Nikampita na sanamu mikononi. Wimbo haukukatika. Nikasikia mama mmoja akicheka, "Wengine leo wamevaa kama bibi harusi!"

Siwezi kula.

Jumamosi, 18 Oktoba
Katekista aliuliza mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Nikayataja yote bila kukosea. La nne ni nguvu. Nilipigiwa makofi. Nilitamani kulia.

Jumapili, 19 Oktoba
Baada ya Misa nilienda kwa Mama Akinyi, mikono mitupu. Kitambaa bado kiko mezani. Nikamwambia ukweli: nilijua tangu Jumanne. Aliinuka. Nilidhani atanifukuza.

"Haya, keti. Tusali sisi wawili."

Hakushika kitabu. Alimwambia Mungu kwamba anaogopa kisu. Akamwombea daktari. Akamwombea binti yake Akinyi, asiache shule hata mambo yakiharibika. Halafu akamwombea mama yangu, kwa ajili ya miguu yake inayovimba.

Naishi na Mama. Sikujua miguu yake inavimba.

Sikuwaza Kemia hata mara moja.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nilimweleza Mama nilikoenda na aliyeombewa. Nilitegemea kelele. Aliuliza tu, "Nani alimwambia habari ya miguu yangu?" Kisha akaingia chumbani. Jioni, kwenye rozari, alipotea katikati ya Salamu Maria. Mama, ambaye hakosei kamwe. Wote walingoja.

Jumatano, 22 Oktoba
Mvua tangu mchana. Mama Akinyi amepasuliwa leo. Hatujasikia chochote. Mama aliniuliza yuko wadi gani, akatoa thermos kubwa kabatini na kuisuuza. Sikumuuliza zaidi.

Leo sanamu imefika kwetu. Watu wameshaenda. Niko nayo peke yangu, hapa mezani.

Mama Maria, Ijumaa ile nilipokupitisha mlango ule, ulitaka kuingia? Nijibu kabla askofu hajanipaka mafuta.